Amplifaya Iliyoposwa Laare

Jumatatu, 3 Machi

"Vitu vya mzee haviuzwi na msichana." Kaka yangu Mutuma ameniambia hivyo kwenye simu asubuhi, kabla hata ya salamu. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye amplifaya kwa brashi ya rangi, kama kila siku kabla ya chai.

Sentensi moja, makosa matatu. Kwanza, mimi si msichana. Nina miaka hamsini na miwili, nimefundisha historia mpaka chaki imenikaa mapafuni, na wahariri wawili wameniomba nipunguze ukali. Pili, si kitu cha mzee. Baba aliitupa mwenyewe. Ilipoungua pale hotelini kwake Laare aliitia kwenye banda la kuku, na kuku walitaga juu yake hadi siku alipofariki. Baada ya mazishi nilimuuliza Mutuma mbele ya watu kama anaitaka. Akasema, "Hiyo takataka? Beba." Nikabeba. Tatu, haviuzwi. Nani kasema? Sheria ya nchi hii inampa binti haki sawa na kaka yake. Na mila, ambayo Mutuma huikumbuka inapomfaa, haijawahi kuwa na neno lolote kuhusu amplifaya.

Nilimwambia yote matatu. Akasema, "Karimi, shida yako ni kupenda kushinda."

Kweli. Yeye anapenda kushindwa?

Nimeifufua kwa mikono yangu. Kapasita zote mpya. Transfoma nilimpelekea fundi aizungushie waya upya, mengine yote nimechomea mwenyewe pale kwenye meza ya jikoni, vidole vimejaa alama. Uso wake wa bati nimeusugua mpaka herufi zimerudi. Sasa ukiwasha, taa ya kijani inatulia, unasikia kama mtu anavuta pumzi, halafu wimbo. Hakuna mtu atakayeniambia si yangu.

Jumatano, 5 Machi

Daktari amesema sikio la kulia limekufa. Si nta, si mafua. Mshipa wa ndani. Halitarudi.

Nilibishana naye. Nilimuuliza amesomea wapi. Alinionyesha mchoro, mstari mmoja umesimama na mwingine umeanguka kama ukuta wa matope. Nikanyamaza. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Stereo ni masikio mawili. Ngoma huku, gitaa kule, mwimbaji katikati. Mwaka mzima nimeitengeneza ili niwasikie wakiwa wamekaa hivyo, kila mmoja mahali pake. Sasa wote wamehamia kushoto, wamesongamana kama kondoo mvua ikinyesha.

Ndiyo maana nauza. Sikumwambia mtu yeyote. Mutuma angesema Mungu amewahurumia majirani.

Ijumaa, 7 Machi

Mnunuzi amepatikana. Anaitwa Njeru, wa Manyatta, Embu. Mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mgane. Ana santuri za baba yake na hana cha kuzipigia. Hakubishania bei. Aliuliza kitu kimoja tu, na kwa swali hilo nikampenda: inaweza kusikilizwa kwanza kwa spika kubwa?

Spika kubwa ziko Laare, sebuleni kwa mama. Zile za hotelini, za mbao, kila moja urefu wa ndama. Mama amezifunika vitambaa vya kufuma na kuweka chupa ya chai juu. Haziondoki pale, amesema, labda zitoke pamoja naye. Basi amplifaya itapanda Laare kesho kwa pikapu ya kukodi, na Njeru atatukuta huko.

Mutuma nilimwarifu kwa adabu. Akacheka. "Ilete tu nyumbani." Sikupenda alivyocheka.

Jumamosi, 8 Machi

 Naandika ili niamini.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya spika nafunga waya, sikio bovu limeelekea mlangoni. Sikusikia gari. Sikusikia hodi wala salamu. Nilipoinuka Njeru alikuwa ameshaketi, suti ya kijivu, kofia magotini, na mama amesimama katikati ya sebule, ameshika kifurushi cha miraa kwa mikono miwili. Kimeviringishwa kwa jani bichi la mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, safi kabisa. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Niliona. Sikuelewa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye waya.

Nikawasha. Tukapiga santuri mbili. Njeru alifumba macho na kofia ikaanguka chini, hakuiokota. Alisema, "Mwalimu, hii si mashine, hii ni nyumba. Mtu anaweza kuingia." Nilitaka kulia. Nilimwambia aketi nikatafute watu wa kubeba.

Nyuma ya jikoni nikawakuta Mutuma na Baba mdogo Kobia, ndugu wa marehemu baba. Jani la mgomba liko wazi chini. Mashavu yao yamejaa.

"Hongera, dada," akasema Mutuma.

"Ya nini?"

"Jamaa amekuja vizuri. Amekuja na ncoolo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miraa ya kawaida ni kitita, unanunua, unatafuna, unaenda zako. Ncoolo ni barua. Kwetu Igembe mtu akija na miraa iliyofungwa hivyo, amekuja kuposa. Ukiipokea, umemsikia. Ukigawana na wenzako mkatafuna, mmekubali mazungumzo yaanze. Na hawa wawili walikuwa wameshafika kwenye vijiti.

Nilisema huyu mtu amekuja kununua amplifaya. Mutuma akatema pembeni kwa utulivu wa hakimu. "Basi hiyo haiwezekani tena. Mkwe hauziwi kitu. Mashine ibaki hapa nyumbani mpaka tuongee."

Mpaka tuongee! Ndicho alichokuwa akikitafuta tangu Jumatatu, na kimeletewa mlangoni kikiwa kimefungwa kwa kamba.

Nilipiga kelele. Mengi sikumbuki. Nakumbuka nilitaja katiba. Nakumbuka Baba mdogo akimwambia Mutuma, "Kumbe hata huyu ni amplifaya. Tena haina kitufe cha kuzima." Wakacheka mpaka majani yakawapalia. Halafu akaenda sebuleni akamwambia Njeru arudi Jumamosi na watu wake.

"Watu gani?" Njeru akauliza.

Mutuma akamfungulia mlango. Aliondoka bila amplifaya, ameshika kofia, uso kama wa mtu aliyeingia kwenye mazishi akidhani ni duka.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi Meru mikono mitupu. Meza ya jikoni ni pana ajabu.

Mimi. Niliyeandika gazetini kwamba mwanamke si shamba. Nimeposwa na mtu aliyekuja kununua mashine.

Sikwenda kanisani. Ningemjibu mhubiri.

Jumatatu, 10 Machi

Njeru amepiga simu. Maskini, alikuwa ameulizia kwa jirani yake aliyeolewa kutoka Maua, huku kwetu Igembe, na amejua alichokifanya. Alianza kwa kuomba msamaha mara nyingi mpaka nikamkatiza.

Nimeyaandika maelezo yake kama alivyoyasema, maana hata mimi mwenyewe nisingeweza kuyabuni.

Alifika Kangeta, soko la miraa njiani kuja Laare, asubuhi. Hakutaka kuingia nyumba ya watu mikono mitupu, na pale sokoni kitu kinachouzwa kila upande ni kimoja. Kwao Embu kuna muguka, lakini muguka ni majani kwenye mfuko, hausemi chochote kwa mtu yeyote. Akadhani na miraa ni hivyo. Muuzaji akamtazama suti, akatazama beji ya kanisa kifuani, akauliza, "Mzee, unaenda kuomba?"

Njeru akadhani anaulizwa kama ni mtu wa sala. Akajibu, "Ndiyo. Mimi siwezi kusafiri bila kuomba."

"Unaenda kuomba kwa nani?"

Hapo alifikiri anaulizwa safari ni ya wapi. "Kwa mama mmoja huko Laare."

Muuzaji akapiga mluzi, akaita wenzake. Wakachagua miraa ya juu kabisa, wakatafuta jani la mgomba lisilo na tundu, wakafunga, wakampa mkono mmoja mmoja. "Niliwaona watu wa Kangeta ni wakarimu sana," akasema Njeru. "Mmoja alinibariki."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Neno moja! Tunasali kwa neno hilo, tunakopa chumvi kwa neno hilo, tunaposa kwa neno hilo. Nimefundisha watoto miaka yote hiyo kwamba lugha ni silaha, sikujua inaweza kujifyatukia yenyewe sokoni.

Kisha akasema, kwa upole, "Mwalimu, wewe si mbaya. Lakini mimi sikukuomba wewe. Niliomba mashine."

Nilishtuka kwamba iliniuma. Kidogo. Naiandika kwa sababu daftari hili halina mhariri.

Atakuja Jumamosi. Peke yake. Atawaambia mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandaa hoja. Ninayo moja ambayo haina mlango wa kutokea. Mutuma ameingia mtegoni kwa meno yake mwenyewe.

Kesho napanda Laare kumwambia mama, ili asije akashangaa mbele ya watu.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilimkuta mama anachambua maharagwe uani. Nikamweleza yote: Kangeta, beji, muuzaji, neno. Nilidhani atacheka. Aliendelea kuchambua. Nikamwambia ulikosea, mama, si kosa lako, hata wewe ulidanganyika na jani la mgomba.

Akasema, "Sikudanganyika. Nilijua amekuja kwa mashine. Nina macho."

Nikamuuliza kwa nini basi alipokea kwa mikono miwili. Kwa nini aliwapa wale wawili wakatafuna.

"Kwa sababu kilikuwa mlangoni kwangu, mwari. Tangu nikuzae hakijawahi kuja."

Mimi niliolewa ofisini kwa DC, mkuu wa wilaya, pale Meru. Sahihi mbili na mashahidi. Bila kifurushi, bila mbuzi, bila wazee. Yule mwanamume aliondoka baadaye, hilo ni jambo lingine. Nilijivunia. Niliandika makala. Bado najivunia na sitafuta hata nukta.

Lakini sikujua bei iliyolipwa Laare. Leo ameniambia, huku mikono ikiendelea na maharagwe. Wanawake wa kikundi chake cha kanisani, wanaokutana kila Jumanne. Tangu mwaka ule. Posa ikija kwa binti wa mmoja wao, wote huketi ndani na mama mwenye binti, washike kifurushi, wapige vigelegele. Mama yangu wanampa viazi amenye nje. "Wewe, Mama Mutuma, hujashika yako, utashikaje ya mwenzako?" Wa kwanza alisema kwa utani. Wengine wakafanya sheria. Kwamba binti yake alitoka nyumbani kama mbuzi aliyepita kwenye ua.

Miaka yote hiyo alikuwa akinipigia simu nimsomee makala zangu, kisha nizisome tena, polepole. Akisema, "Vizuri. Umewapiga." Kisha Jumanne anakwenda kumenya viazi.

Jumamosi iliyopita, baada ya sisi kuondoka, alikwenda kwa mwenyekiti wao akamwambia: nimeshika yangu.

Nikachukua konzi ya maharagwe nikachambua naye.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Nenda Meru. Utachelewa."

Ijumaa, 14 Machi

Nimeisoma hoja yangu tena. Bado haina mlango wa kutokea. Nikishinda kesho, nampokonya mama kifurushi. Nikinyamaza, Mutuma amepata amplifaya, nayo itarudi kwenye banda la kuku, na nitakuwa nimekubali kwamba kilichotengenezwa na mikono yangu ni cha wanaume wa boma.

Hakuna njia ya katikati. Nimeitafuta. Sijazoea kuitafuta, huenda ndiyo maana sikuiona.

Nitasema. Sijui kuishi vingine.

Jumamosi, 15 Machi

Baba mdogo Kobia aliketi kwenye kiti cha baba. Mutuma kulia kwake. Njeru alikuja peke yake, suti ileile, safari hii na mkate na sukari, vitu visivyo na maana yoyote zaidi ya chai. Amplifaya iko mezani, imefunikwa shuka, kama maiti au bibi harusi.

Njeru akasimama akasema kweli yake, yote, hata muuzaji aliyembariki. Baba mdogo alijifuta machozi ya kicheko. Lakini Mutuma akasema kosa la mgeni halifuti mila. Kifurushi kililetwa, kikapokewa, kikaliwa.

Nikasimama. Nilisema hivi: Nakubali. Kililetwa, kikapokewa, kikaliwa. Basi tuulize kililetwa kwa kuomba nini. Mwombaji yuko hapa, amesema aliomba amplifaya. Mutuma, wewe unasema amplifaya ni mali ya boma. Sawa. Boma lililetewa ombi, boma likatafuna. Mwenye kutafuna amekubali. Ama mashine ni yangu na nimeiuza, ama ni yenu na mmeitoa. Chagua.

 Mutuma akamgeukia Baba mdogo. Nilisikia utamu wa ushindi, siuongopei ukurasa huu.

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Umesoma wewe. Lakini maneno ya mwombaji ni ya mwombaji. Posa inajulikana na aliyeipokea. Mikono iliyoshika ndiyo itakayosema ilishika nini." Akamgeukia mama. "Ulipokea kwa ajili ya nini?"

Sikuwa nimeliona hilo. Hoja yangu ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa mama.

Angesema maneno mawili tu, "binti yangu." Basi. Mazungumzo yangeendelea hata kama mchumba hataki, yangefia mbali polepole na kwa heshima, na mama angebaki ameshika yake. Mashine ingebaki pale. Alijua. Alimtazama Njeru, akatazama shuka mezani. Mimi hakunitazama kabisa.

"Kwa ajili ya mashine," akasema. "Ni ya Karimi. Aliitoa kwa kuku, akaitengeneza. Mwacheni auze."

Mutuma akasema, "Mama!"

"Nimesema."

Baba mdogo akapiga goti kwa kiganja. Imekwisha. Njeru akalipa palepale, akabeba amplifaya mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Mutuma alitoka bila kuaga. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilikuja kumshinda kaka yangu kwa mantiki, na aliyenishindia ni mama yangu, kwa kukiachilia kitu alichokingoja nusu ya maisha yake.

Na walikuwa pale, uani, wale wanawake. Walikuja kusaidia chai. Habari ilifika jikoni kabla ya gari la Njeru kuwashwa. Nilisikia kwa sikio moja na lilitosha.

"Mmesikia? Mama Mutuma ameozesha redio!"

"Mahari yake je? Betri?"

Vigelegele. Vya kejeli, virefu.

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Hakuacha.

Jumanne, 18 Machi

Njeru ameandika ujumbe. Imefika salama, inapiga, majirani wa Manyatta wamejaa uani kwake. Nimefurahi. Ninaandika neno hilo kwa utulivu, ni kweli.

Nilimpigia mama mchana. Siku ya kikundi. Alikuwa nyumbani. Goti, amesema. Nilimsikia akitembea huku na huku na ndoo, na goti halikuwa na neno.

Nilikaa niandike makala. Nikapata kichwa cha habari, kikali. Nikakifuta. Hili si la gazeti. Wahariri wangelipenda mno. Kesho nitapanda Laare nikaseme kwa mdomo, na nimeona niandike hapa kwanza, ili nikifika nisipige kelele.

Ninyi wa kikundi cha Jumanne. Mwenyekiti, na wewe uliyeuliza kuhusu betri, na ninyi mliopiga vigelegele. Aliyeolewa kwa DC ni mimi. Aliyekataa wazee, mbuzi na kifurushi ni mimi, na nikirudishwa ujana nitakataa tena. Mama hakuulizwa. Mlichokuwa nacho dhidi yangu mlikimenyesha kwa mikono yake, miaka yote, nami nilikuwa mbali nikiandika kuhusu haki.

Basi mwacheni. Mkiwa na neno, nipeni mimi, nyumba yangu mnaijua. Na Jumanne ijayo mama yangu akija, msimpe kisu wala viazi. Msogee kwenye benchi, aketi ndani.